Mionzi ya kale, orodha za galaksi au uigaji wa kompyuta: uanzie wapi kuusoma mpangilio wa ulimwengu?

Mwanafunzi wa fizikia wa Dar es Salaam anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, na ambaye amevutiwa na swali la jinsi galaksi zilivyokuja kupangika kama zilivyo, hukuta mbele yake njia tatu. Anaweza kuchambua mionzi iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, anaweza kupima umbali kati ya galaksi zilizoorodheshwa kwa darubini kubwa, au anaweza kuunda ulimwengu wa mfano ndani ya kompyuta na kuufuatilia unavyokua. Hakuna hata moja inayomdai darubini yake mwenyewe. Hilo nalisema mapema kwa sababu wapo wanaokata tamaa kwa kudhani kwamba anga la jiji hili, lenye taa nyingi na unyevu mwingi, limekwisha kuwafungia mlango.

Nitazilinganisha njia hizo kwa vigezo vitano: ni sehemu gani ya historia ambayo kila njia inaiona moja kwa moja, mzigo wake wa data, kwa maana ya bando na uwezo wa kompyuta, hesabu na stadi inazozitaka, mahali inapoweza kumpotosha mtafiti, na mtu inayemfaa. Kigezo cha nne nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine, kwa kuwa ndicho ambacho wanafunzi hukiuliza mwishoni, wakati kazi imeshaandikwa nusu.

Historia inayofuatiliwa

Maelezo yanayokubaliwa na wanakosmolojia wengi huanza na mfumuko, yaani kipindi kifupi mno cha upanuzi wa kasi kubwa katika sehemu ndogo ya sekunde ya kwanza, wazo ambalo Alan Guth alilichapisha mwaka 1981. Mwaka huohuo Viatcheslav Mukhanov na Gennady Chibisov walionyesha kwamba mitikisiko ya kikwantamu ya kipindi hicho ingeweza kunyooshwa hadi kuwa tofauti halisi za msongamano, sehemu moja ikizidi nyingine kidogo sana. Nadharia inatabiri kwamba tofauti hizo zilikaribia kulingana kwa nguvu katika mizani zote, kubwa kwa ndogo, na vipimo vimekubali hivyo: namba inayoeleza ulinganifu huo, ambayo ingekuwa 1 kama ulinganifu ungekuwa kamili, imepatikana kuwa takriban 0.965.

Kwa miaka kama 380,000 iliyofuata, nuru ilikuwa imenaswa ndani ya ukungu wa moto wa elektroni na protoni. Maada ya giza, yaani maada isiyotoa nuru ambayo hujulikana kwa uvutano wake tu, ilivuta kuelekea ndani, shinikizo la nuru likasukuma nje, na kutokana na ushindani huo yakazaliwa mawimbi ya sauti yaliyosafiri kwa zaidi ya nusu ya kasi ya nuru. Ulimwengu ulipopoa kiasi cha elektroni na protoni kuungana kuwa atomi, nuru iliachiliwa, shinikizo likatoweka, na mawimbi yakasimama pale yalipokuwa yamefika. Umbali yaliokuwa yamekwenda, ukikadiriwa kwa ukubwa wa ulimwengu wa leo, ni takriban megaparseki 147, yaani karibu miaka ya nuru milioni 480. Kabla ya hapo lilitokea jambo jingine ambalo huzungumzwa kidogo: katika miaka 50,000 hivi ya mwanzo mionzi ilikuwa na nishati kubwa kuliko maada, na hali hiyo ilizuia marundo madogo ya maada ya giza yasikue haraka, huku yale mapana zaidi yakisalimika. Kazi iliyobaki ilifanywa na nguvu ya uvutano, ambayo ilihamisha maada kutoka sehemu hafifu na kuirundika kwenye kuta, nyuzi na mafundo tunayoyaona kwenye ramani za leo.

Kila njia inaona nini

Mionzi ya kale, ambayo Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa mwaka 1964 huko Holmdel, New Jersey, walipokuwa wakihangaika na mlio usiokoma katika antena yao, inaonyesha ulimwengu ulivyokuwa wakati ule nuru ilipoachiliwa. Leo joto lake ni takriban kelvini 2.725 kila upande wa anga, na tofauti zake ni za kiwango cha sehemu moja katika 100,000. Chombo cha anga za juu cha COBE ndicho kilichozithibitisha tofauti hizo mwaka 1992. WMAP, kilichorushwa mwaka 2001, na Planck, kilichorushwa mwaka 2009, vilizipima kwa undani zaidi, na matokeo ya mwisho ya Planck yalitolewa mwaka 2018. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba wakati huo tofauti zilikuwa bado ndogo, kwa hiyo milinganyo inayozieleza ni rahisi kuliko ile ya nyakati zilizofuata. Mawimbi ya sauti yanaonekana humo waziwazi: ukichora nguvu ya tofauti dhidi ya ukubwa wake angani, utaona kilele cha kwanza karibu na digrii moja, kisha vingine vidogo vikifuata, na ulinganisho wa urefu wa vilele hivyo unaeleza ni kiasi gani cha maada ya kawaida na cha maada ya giza kilikuwapo. Isichoonyesha ni galaksi, kwa kuwa hazikuwapo.

Orodha za galaksi zinaanzia upande wa pili. Mwaka 1986 Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra walichapisha ramani ya kipande chembamba cha anga iliyoonyesha kwamba galaksi zimejipanga kwenye kuta nyembamba zinazozunguka nafasi kubwa zilizo karibu tupu. Swali la kama mawimbi ya sauti yameacha alama kwenye mpangilio huo lilijibiwa mwaka 2005, pale makundi mawili, moja likitumia darubini ya Sloan iliyopo New Mexico na jingine darubini iliyopo Siding Spring, Australia, yalipogundua kwamba jozi za galaksi zilizotengana kwa umbali ule wa mawimbi ni nyingi kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kundi la Sloan lilitumia galaksi nyekundu 46,748. Ziada yenyewe ni ndogo, kiasi cha asilimia moja, na ndiyo maana haikuweza kuonekana mpaka orodha zilipokuwa kubwa. Leo mradi wa DESI, wenye nyuzi 5,000 zinazoelekezwa na roboti kwenye darubini ya Kitt Peak, Arizona, umekuwa ukikusanya galaksi tangu mwaka 2021, na data za mwaka wake wa kwanza zilifunguliwa kwa watu wote Machi 2025.

Uigaji wa kompyuta hauoni anga. Kazi yake ni kuunganisha hizo pande mbili: unachukua tofauti za mwanzo kama zilivyopimwa kwenye mionzi, unaziachia nguvu ya uvutano, kisha unauliza kama kinachotokea kinafanana na orodha za galaksi. Umuhimu wake ulidhihirika katika miaka ya 1980, pale Simon White, Carlos Frenk na Marc Davis walipoonyesha kwamba ulimwengu uliotawaliwa na nyutrino, chembe nyepesi mno zinazokwenda kasi sana, ungetoa mpangilio usiofanana na ule unaoonekana, na miaka miwili baadaye, wakiwa na George Efstathiou, wakaonyesha kwamba maada ya giza baridi, yaani ile ambayo chembe zake zinakwenda polepole, inakaribia zaidi. Uigaji wa Millennium wa mwaka 2005 ulifuatilia chembe zaidi ya bilioni 10 ndani ya sanduku lenye upande wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni mbili. IllustrisTNG, uliokuja baadaye, umeongeza gesi, nyota na mashimo meusi.

Mzigo wa data

Hapa ndipo hali ya Dar es Salaam inapoingia moja kwa moja, kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi kwa kompyuta mpakato ya kawaida na bando la simu.

Ramani ya Planck yenye undani kamili ina pikseli 50,331,648. Kwa baiti nne kwa kila pikseli, hiyo ni takriban MB 200 kwa safu moja, na faili zinazotolewa huwa na safu kadhaa. Hata hivyo, mtu asiyetaka kuishughulikia ramani yenyewe anaweza kupakua jedwali la nguvu za tofauti, ambalo ni faili dogo la maandishi, kisha akalilinganisha na utabiri wa programu huria za CAMB au CLASS, ambazo kwa kila ulimwengu wa kubuni huhitaji sekunde chache tu. Kwa gharama, sijui njia iliyo nafuu kuliko hii.

Orodha ya galaksi za Sloan ina sifa nzuri ambayo haijulikani vya kutosha: seva yake inapokea maswali ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kwa hiyo uchujaji unafanyika huko huko, na wewe unapakua safu unazozihitaji tu. Ukiomba namba mbili za mahali angani pamoja na kiasi cha kunyooka kwa nuru kuelekea wekundu, ambacho hutumika kukisia umbali, kwa galaksi 50,000, faili lote ni MB chache. Mzigo unaanza baada ya hapo, kwenye kuhesabu jozi. Galaksi 50,000 zinatoa jozi takriban bilioni 1.25. Lakini ili ujue kama jozi hizo ni nyingi kuliko kawaida unahitaji pia orodha ya nasibu, yaani ya nukta zilizotawanywa bila mpango, yenye umbo lilelile la eneo lililopimwa, na kwa kawaida huifanya kubwa mara kumi au zaidi. Kwa nukta 500,000 za nasibu, jozi kati ya galaksi na nukta zinafikia bilioni 25, na jozi za nukta kwa nukta bilioni 125. Mwanafunzi anayeandika mizunguko miwili ya kawaida ya Python, mmoja ndani ya mwingine, atasubiri mpaka muhula uishe. Akitumia mbinu ya kuzigawa nukta katika matawi ya jirani na jirani, na kukomea kwenye umbali anaouhitaji tu, kompyuta ileile itamaliza kazi kwa muda unaovumilika.

Kwa uigaji, anza na chembe 128 kwa 128 kwa 128, yaani 2,097,152. Ukihifadhi mahali na kasi ya kila chembe, picha moja ya wakati mmoja inachukua takriban MB 50, na picha mia moja zitakujazia GB 5 za diski. Bando halitumiki sana, kwa sababu data unazitengeneza mwenyewe. Kinachotumika ni muda na umeme, kwa hiyo ni lazima programu ihifadhi hali yake mara kwa mara ili iweze kuendelea ilipoishia. Kukatika kwa umeme saa kumi alfajiri, kazi ikiwa imebakiza kidogo, kunafundisha somo hilo kwa namna isiyopendeza. Asiyetaka kuendesha uigaji wake anaweza kujiandikisha na kutumia data za IllustrisTNG kupitia mazingira ya kazi yaliyowekwa mtandaoni. Kuzipakua zote hakuwezekani, maana zinazidi petabaiti moja.

Hesabu na stadi

Mionzi inataka hesabu nzito zaidi: kuchambua tofauti juu ya tufe, nadharia ya mitikisiko midogo, na milinganyo ya Boltzmann, inayofuatilia nuru na chembe zinavyosafiri na kugongana, kama unataka kujua CAMB inafanya nini ndani yake. Orodha za galaksi zinataka takwimu, hasa namna ya kukadiria makosa ambayo hayajitegemei, na SQL ambayo inajifunzika kwa siku chache. Uigaji unataka stadi ya programu, uzoefu wa Linux na subira ya kurekebisha makosa. Fizikia yake ya msingi, uvutano wa Newton katika nafasi inayopanuka, ndiyo inayofahamika kirahisi kuliko zote.

Mahali pa kujihadhari

Mionzi ya kale inatufikia ikiwa imepita kwenye vumbi la galaksi yetu, na vumbi hilo nalo linang'aa katika mawimbi yaleyale. Machi 2014 kundi la BICEP2, lililokuwa na darubini yake Ncha ya Kusini, lilitangaza kuwa limeona alama ya mawimbi ya uvutano ya wakati wa mfumuko. Mwanzoni mwa mwaka 2015, baada ya data zake kuunganishwa na za Planck, ilidhihirika kwamba ishara ile ingeweza kuelezwa na vumbi, na dai likaporomoka. Tatizo la pili halina dawa: tuna anga moja tu. Kwa tofauti pana zaidi, zile zinazochukua sehemu kubwa ya anga, sampuli ni chache kiasi kwamba hakuna chombo kitakachoziongeza. La tatu ni kwamba namba nyingi zinazotokana na mionzi hupatikana kwa kupitia kielelezo cha nadharia. Kasi ya upanuzi ya 67.4 (kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki) inayotokana na Planck ni ya namna hiyo, na inatofautiana na ile ya takriban 73 inayopimwa kwa nyota na supanova (nyota zinazolipuka) za karibu. Aliyeinukuu bila kutaja kielelezo amenukuu nusu ya matokeo.

Orodha za galaksi zina ugumu ambao kwangu ndio unaovutia zaidi. Galaksi si maada yote. Ni sehemu ndogo inayong'aa, na imezaliwa mahali palipokuwa na masharti maalumu. Mtu anayesimama ufukweni Kunduchi usiku na kuziona taa za wavuvi wa dagaa anajua mashua zilipo, na anaweza kukisia samaki walipo, lakini akisema bahari iko pale tu penye taa atachekwa. Vivyo hivyo, galaksi nyekundu kubwa hupenda kukaa kwenye mafundo mazito, kwa hiyo hukuza tofauti za msongamano, ilhali galaksi za buluu zinazoendelea kuzaa nyota huzikuza kidogo. Mtafiti akichanganya aina hizo mbili bila kujali, hupata kipimo ambacho si cha hizi wala cha zile.

Kuna tabaka jingine juu ya hilo. Umbali wa galaksi haupimwi kwa kamba, unakisiwa kutokana na kunyooka kwa nuru yake kuelekea wekundu, na kunyooka huko kunachanganya upanuzi wa ulimwengu na mwendo wa galaksi yenyewe. Ndani ya kundi zito, ambamo galaksi zinakwenda kasi huku na huko, ramani huonyesha mkia mrefu ulioelekezwa kwetu, ambao haupo. Nje ya kundi, ambako galaksi zinaporomokea ndani taratibu, ramani huonyesha umbo lililobonyezwa. Mkia huo ni kasoro, lakini ule mbonyeo Nick Kaiser aliueleza mwaka 1987 kwa namna iliyougeuza kuwa kipimo, kwa kuwa unaonyesha kasi ambayo uvutano unajenga nayo miundo.

Uigaji hupotosha kwa uzuri wake. Picha ya nyuzi za maada ya giza zinazometa inashawishi kiasi kwamba mtazamaji husahau kuwa matokeo hayawezi kuzidi kilichowekwa mwanzoni. Hoja ya ukubwa wa sanduku nitaifafanua kwa mfano mmoja, kwani hupuuzwa mara nyingi. Sanduku lenye upande wa megaparseki 100 litakupa kuta, nyuzi na mafundo, na pengine utaridhika. Lakini alama ya mawimbi ya sauti ina megaparseki 147, kubwa kuliko sanduku lenyewe, na kwa hiyo hakuna namna ya kuipima humo. Ukilipanua sanduku mara kumi bila kuongeza chembe, kila chembe inabeba uzito mara elfu moja zaidi, na galaksi ndogo zinapotea. Kila uigaji ni maafikiano kati ya hayo mawili, na tasnifu isiyoeleza maafikiano yake haijakamilika. Ukiongeza gesi na nyota, tatizo linazidi, kwa kuwa milipuko ya nyota na ulaji wa mashimo meusi huwekwa kwa kanuni za makadirio zilizorekebishwa ili zilingane na galaksi halisi.

Inamfaa nani

Mionzi inamfaa anayependa nadharia safi, anayefurahia kuona mstari wa utabiri ukipita juu ya nukta za vipimo, na asiyeumizwa na ukweli kwamba mpangilio wa galaksi wenyewe atauona kwa mbali tu. Orodha za galaksi zinamfaa mwenye tabia ya kutilia shaka data, ambaye anaweza kukaa wiki nzima na umbo la eneo lililopimwa kabla ya kuamini namba yoyote. Uigaji unamfaa anayefikiri kwa kuunda, na ambaye atakubali kuandika sura nzima ya majaribio ya kuhakiki programu yake kabla ya kusema neno juu ya ulimwengu.

Kwa kuangalia hali yako

Ikiwa una muhula mmoja tu na hesabu zako ni imara, chukua jedwali la Planck na CAMB, badilisha kiasi cha maada ya kawaida na cha maada ya giza kimoja baada ya kingine, na ueleze kila kilele kinavyoitikia. Ni kazi fupi yenye mwisho unaoonekana.

Ikiwa una mihula miwili na unafikiria kutafuta ajira katika uchambuzi wa data, orodha ya Sloan itakuacha na stadi za SQL na takwimu ambazo benki na kampuni za simu za hapa mjini zinazihitaji pia. Usiahidi katika pendekezo lako kwamba utaiona alama ya mawimbi ya sauti. Kundi la mwaka 2005 liliipata kwa uhakika wa sigma 3.4 (sigma ni kipimo cha umbali wa matokeo kutoka kwenye bahati tupu) likiwa na orodha nzima. Ukiwa na sehemu yake, ahidi kupima jinsi galaksi nyekundu na za buluu zinavyotofautiana katika kujikusanya kwa umbali mfupi, jambo ambalo lina ishara kubwa na halitakuaibisha.

Ikiwa kompyuta yako ni dhaifu lakini unaipenda programu, endesha uigaji mdogo wa maada ya giza peke yake, uelekeze swali lako kwenye ukubwa wa sanduku na idadi ya chembe, na uziache galaksi. Mwenye intaneti ya uhakika chuoni na ambaye anataka galaksi afanye kazi ndani ya mazingira ya IllustrisTNG.

Ikiwa unalenga shahada ya uzamili nje ya nchi, jambo la kwanza ni kujua msimamizi unayemtaka anafanya nini, kwa kuwa makundi mengi sasa yanaunganisha njia zote tatu: DESI inapounganisha orodha zake na mionzi ya Planck na supanova, inapata dalili, ambazo bado zinajadiliwa, kwamba nishati ya giza, ile inayoharakisha upanuzi wa ulimwengu, huenda inabadilika kadiri muda unavyokwenda. Na ikiwa unakoelekea ni Afrika Kusini, uliza mapema kuhusu haidrojeni. Antena 64 za darubini ya redio ya MeerKAT katika Karoo, zilizozinduliwa mwaka 2018, zinaweza kupima mkusanyiko wa gesi hiyo bila kuihesabu galaksi mojamoja, na kwa kazi hiyo mwanafunzi aliyejifunza kutenganisha ishara na vumbi kwenye mionzi ya kale atafika akiwa na msingi unaohitajika kuliko yule aliyehesabu jozi.